Mlipanda Wawili

Kamachumu, 27 Agosti 2023

Mdogo wangu Boniface,

Hapa nyumbani tumeamka wazima na Mungu tunamshukuru kwa hilo. Kahawa tumeshaanika. Mwaka huu imezaa vizuri shamba la chini, ila la kule kanisani ni ya kusikitisha. Goti langu la kulia linanisumbua nikipanda kwenda mazoezi ya kwaya, lakini nafika. Ng'ombe yule mwenye doa amezaa jike.

Usishtuke kuona barua badala ya simu. Naituma kwa basi mpaka Mbeya, nyumbani kwa yule Bupe mfanyabiashara aliyetuletea mablanketi yako mwaka jana. Anasema anarudi Durban mwezi wa tisa na ataibeba.

Sasa nikuambie kilichonikalisha chini. Wiki iliyopita mwalimu Ladislas, jirani, alikuja na simu yake anacheka kwa furaha. Ma Coletha, akasema, njoo umsikie mdogo wako anavyotoa ushuhuda kanisani kwao, umefika mpaka kwenye kundi la kwaya yetu. Nikavuta kigoda nikasikiliza. Ni dakika kumi na moja. Unaeleza habari za mlima na ukungu, na njaa ya mfungo, na baridi iliyokufanya usiisikie mikono yako. Unaeleza waokoaji walivyokukuta umejikunyata kwenye jiwe. Unasema ndivyo Bwana anavyomwendea mwenye dhambi, mtu aliyepotea mpaka hana hata nguvu ya kuita, akafuatwa hapohapo alipo. Watu wanapiga vigelegele. Hata mimi nilipiga.

Kisha nikamwambia mwalimu aurudie. Mwanzoni kabisa, watu hawajatulia, unasema wewe na ndugu yako mlipanda. Baada ya hapo huyo ndugu simsikii tena. Nimesikiliza mara nne mpaka mwalimu akaanza kuangalia saa. Mlipanda wawili, Boniface, na aliyeshuka ni mmoja.

Mwezi wa saba uliniambia Respicius amepata kibarua Cape Town. Mwezi huu ukaniambia simu yake imeingia maji. Nikakubali. Kwenye simu una haraka na una maneno matamu, ndiyo maana siku hizi ukipiga naiacha inaita. Niandikie kwa mkono wako. Mimi ndiye niliyekushikisha kalamu ukiwa na miaka sita. Nikiuona mwandiko nitajua.

Respicius yuko wapi?

Dada yako,
Coletha


Durban, 10 Oktoba 2023

Dada Coletha, shikamoo.

Barua yako Bupe ameniletea mezani kwangu Jumanne hii, ameikunja ndani ya kitenge isilowe. Pole na goti. Huku baridi imeisha. Bado nipo Albert Park, ghorofa ya saba, na lifti haijafanya kazi tangu Pasaka. Kazi ya kutengeneza simu inasogea. Meza yangu iko pamoja na ya Désiré, yule Mkongo wa Uvira niliyekusimulia. Mkewe Marie-Claire anakuamkia.

Respicius yu hai. Naliandika kwanza hilo, usije ukasoma mengine na hofu. Yu hai na anakula. Hakwenda Cape Town. Alikuwa hospitali wiki saba na sasa anakaa kwa Désiré, kwa sababu wao wako ghorofa ya chini. Ameumia mguu wa kushoto.

Unajua Respicius karatasi yake ya kukaa nchi hii iliisha muda. Kila akienda ofisini anaambiwa arudi, na mwaka jana polisi walimshika hapa mtaani akalala ndani siku nne. Sasa huku kanisani kwetu mtu mwenye jambo zito anakwenda mlimani kufunga na kuomba siku tatu. Wengi wanaishia vilima vya karibu. Mimi nikasema jambo hili ni zito sana, twende juu kabisa, Drakensberg, tukalie huko. Désiré alitupeleka kwa gari siku ya Alhamisi, akaahidi kuja kutuchukua Jumapili mchana. Chakula hatukubeba, kwa kuwa ni mfungo. Tulikuwa na maji, mablanketi mawili na Biblia.

Pale getini kuna kitabu kikubwa. Anayepanda huandika jina lake, wako wangapi, wanaelekea wapi na watarudi lini, ili wasiporudi watafutwe. Majina yetu hayakuandikwa.

Ijumaa ukungu ulishuka, ukafuatwa na theluji. Sikuwahi kuiona theluji, dada. Inaanguka kimya kama unga kwenye chekeche. Tukageuka kushuka, njia ikapotea. Respicius akateleza, mguu ukaingia kati ya mawe mawili ukavunjika. Simu zilikuwa hazishiki. Nikamfunika mablanketi yote mawili nikaenda kutafuta msaada. Jumamosi asubuhi waokoaji wakanikuta. Jumapili alfajiri wakamfikia na yeye. Ukungu ndio uliotuponza. Madaktari walijitahidi.

Nisamehe kwa habari ya Cape Town. Yeye mwenyewe hakutaka ujue kabla hajasimama.

Mdogo wako,
Boniface


Kamachumu, 26 Novemba 2023

Boniface,

Senene wameshuka wiki hii. Watoto wa jirani yetu Anselmo wamekesha kwenye taa za shule na mimi nimekaanga mpaka nyumba nzima inanukia. Nimejaza kopo moja la kwenu wawili, Bupe amenihakikishia mpakani hawalifungui. Mvua ni nzuri. Mama mchungaji amejifungua salama. Nimemwomba Mungu sana kabla ya kuandika, maana nilitaka kukuandikia siku ileile nikaona nitakosea.

Nilipofika pale uliposema yu hai niliiweka barua chini nikaenda nje, nikasimama tu kwenye migomba. Ahsante kwa kuliandika kwanza.

Lakini nimeisoma tena na kuna mashimo mengi. Unasema majina hayakuandikwa, kana kwamba kitabu ndicho kilichowakataa. Nani alikataa? Unasema madaktari walijitahidi. Watu husema hivyo kitu kikishashindikana. Mguu wa mdogo wangu uko wapi?

Na hiki ndicho kinachoninyima usingizi. Wewe ulipatikana Jumamosi asubuhi. Yeye alifikiwa Jumapili alfajiri. Wewe ulikuwa unajua alipo. Jumamosi nzima hiyo, Boniface, mlikuwa mnangoja nini?

Mama alipofariki Respicius alikuwa hajaota meno. Nilimbeba mgongoni nikiwa darasa la saba mpaka mwalimu mkuu akaniambia nichague mtoto au mtihani. Sikuandikii haya unionee huruma. Nakuandikia ujue ni nani anayekuuliza.

Na mwambie aniandikie. Hata mstari mmoja.

Coletha


Durban, 23 Januari 2024

Dada yangu, shikamoo.

Krismasi imepita na sijakujibu. Bupe alikwama mpakani siku kumi, lakini nisikudanganye, barua yako ilikuwa mkononi mwangu tangu tarehe kumi na nane Desemba. Nimeanza kukuandikia mara tano. Marie-Claire ameugua homa akapona. Pasta Léonce amepata jengo jingine la ibada, tunahamia Februari. Senene zilifika. Nilizigawa nusu kwa nusu nikampelekea Respicius zake. Alipokea, akasema ahsante, akafunga mlango.

Mguu walimkata, dada. Chini ya goti.

Haya mengine nayaandika mfululizo, nikisimama sitaendelea.

Aliyekataa kitabu ni mimi. Respicius alikuwa ameshaishika kalamu. Ile herufi ya kwanza ya jina lake ameianza. Nikamwambia aiache, wewe huna karatasi, unataka kujiandika uwape ushahidi? Akaniangalia akasema, kaka, hawa si polisi, hawa ni wa mlima. Nikamwambia anitii. Akaiweka kalamu. Na mimi ndiye yule mzee wa kanisa ambaye kila mwezi nasimama mbele za watu nawauliza kama majina yao yameandikwa kwenye kitabu cha uzima.

Ijumaa ilikuwa kama nilivyokueleza. Nilimwacha na mablanketi yote na hilo ni kweli. Nililala chini ya jiwe peke yangu, na Jumamosi nikasikia watu wanaita. Hawakuwa wananiita mimi. Walikuwa wanatafuta watu wengine wawili, mume na mke, ambao walijiandika kitabuni na hawakurudi. Waliniokota kwa bahati, wakiwatafuta wenye majina.

Wakanishusha mpaka kambini kwao saa nne asubuhi. Kiongozi wao ni Mzungu mzee, anaitwa Jacques, fundi wa mabomba, kazi hii anajitolea tu. Akaniuliza, mko wangapi? Na nyuma yake, dada, kulikuwa na gari la polisi, askari wawili wameegemea wanakunywa chai.

Nikasema, "Niko peke yangu."

Nilijiambia Désiré akija kesho tutapanda naye kimyakimya tumshushe wenyewe, asishikwe, asirudishwe nyumbani mikono mitupu. Nilijiambia ana mablanketi mawili. Nilijiambia mengi. Wakanipa chai ya sukari, muuguzi akanipima, wakanilaza kwenye hema mlango ukiwa wazi. Saa tano ukungu ulifunguka. Anga ikawa ya bluu kabisa, kama hakujatokea kitu. Helikopta ikaja kuwatafuta wale wawili, ikazunguka juu ya mlima uleule, na mimi nimelala naiangalia. Ilipita mara mbili. Ningefungua mdomo wangu saa ile wangemchukua kwa robo saa.

Saa kumi jioni wale wawili wakaletwa, wazima. Watu wakafurahi. Jacques akaja kukaa mbele yangu akanipa mkate, maana mpaka saa hiyo nilikuwa nimepewa chai tu, akainama kuvua buti zake. Unakumbuka ulivyokuwa ukitugawia? Ulikuwa hugawi wewe. Ulinipa mimi kizima, kiazi au mkate wa sikukuu, ukasema gawa nikuone, na mdogo wako ndiye anayechagua kwanza. Dada, mikono yangu ilifanya yenyewe. Nilikata mkate kati, nusu nikala, nusu nikaifunga kwenye leso nikatia mfukoni.

Jacques akaacha kuvua buti. Akaniuliza taratibu, "Hiyo nusu ni ya nani?"

Nikasema ya baadaye. Akasema mtu aliyekaa siku tatu na njaa hana ya baadaye. Akangoja. Hakupandisha sauti. Ndipo nikalia nikamwambia kuna mdogo wangu yuko juu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alitazama juu na mimi nikatazama, ukungu ulikuwa umesharudi umefunika kila kitu, helikopta haiwezi tena. Akaliangalia lile buti alilolivua, akalivaa tena. Wakapanda kwa miguu watu saba, watu waliokuwa wametembea tangu alfajiri. Daktari aliniambia mguu uliharibika katika yale masaa. Angeletwa mchana, labda.

Yaliyotokea juu nimeyapata kwa Désiré, Respicius mimi haniambii. Jacques alishuka kwa kamba mpaka chini kwenye yale mawe, akamkuta hawezi kutetemeka tena, akalala ubavuni kwake akajifunika naye mpaka wenzake walipomaliza kufunga machela. Respicius akamwambia, mimi simo kwenye kitabu. Akadhani atadaiwa maelezo kwanza. Jacques akamjibu, "Kitabu kinatuonyesha pa kuanzia kutafuta. Hakituambii nani aachwe."

Na lingine. Respicius aliiona helikopta. Alijua mimi nimeshafika chini, kwa hiyo imetumwa kwake. Akapunga blanketi mpaka mkono ukafa ganzi.

Polisi, kama unauliza, hawakumwuliza karatasi. Mmoja alisaidia kushika machela.

Wiki mbili baadaye nikasimama kanisani nikatoa ule ushuhuda. Sikupanga kumwacha nje. Nilianza na wawili, nilipofika mahali pa kusema nilichosema, watu walikuwa wanashangilia, nikaruka. Respicius alikuwa kitandani hospitali wakamtumia kwenye simu akausikia. Siku ile Désiré alinifuata mezani akasema, "Vieux, mzee wangu, iko mtu kule hospitali anakusikia, na wewe iko unashangiliwa." Tangu hapo nikienda kumwona, Respicius ananiambia tu, "Habari yako." Haniamkii tena. Miaka yote, dada, hata tukigombana, ilikuwa shikamoo kaka.

Na si kweli kwamba hakutaka ujue. Ni mimi.

Boniface


Kamachumu, 3 Machi 2024

Boniface,

Tumezika wiki iliyopita, mzee Ntakirutimana wa barabarani, aliyekuwa anatushonea viatu. Mvua za masika zimewahi. Mengine sina nguvu ya kuandika.

Barua yako niliisoma peke yangu. Nilipofika kwenye helikopta nilikuchukia. Nakuambia hivyo kwa sababu na wewe umeniambia ya kwako. Nilikaa siku tatu siimbi. Mwalimu Ladislas akaniuliza kulikoni, nikamwambia meno.

Halafu nikarudi kwenye mkate. Nimeurudia mkate ule mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mdomo wako ulimkana na mikono yako ikakataa. Hiyo mikono naijua. Bila hiyo nusu nisingekuandikia tena, na leo ningekuwa na mdogo mmoja, au sina hata mmoja.

Kuna jambo sijakuambia na nilifikiri nitakufa nalo. Mwaka jana, mwezi wa tano, Respicius alinipigia. Alisema amechoka kujificha, anataka kurudi nyumbani alime kahawa. Alikuwa kama analia. Nikamwambia avumilie, watu watamcheka akirudi hana kitu, amtii kaka yake kwa kila atakachomwambia. Kwa kila atakachomwambia, nilisema hivyo. Kwa hiyo alipoiweka kalamu pale getini, alikuwa ananitii na mimi. Nilikuuliza nani alikataa kitabu, na moyoni nilikuwa naogopa jibu.

Usinitafutie maneno ya kunifariji, na mimi sikutafutii. Siwezi kukuandikia kwamba nimekusamehe, maana sijafika, na karatasi nimeikataza uongo. Naomba kila siku nifike.

Ila kuna kitu unaweza kufanya. Ule ushuhuda urudie. Mahali palepale, watu walewale, na safari hii uwe na watu wawili mpaka mwisho. Bwana hakukuokoa wewe uliyekuwa hujui njia tu. Alikuokoa wewe uliyekuwa unajua njia na ukanyamaza. Hilo ndilo walistahili kulisikia. Mwenye kupotea tu tunamwonea huruma sote. Yule mwingine nani atamfuata, kama si Bwana?

Na mwambie Respicius nyumbani pako wazi. Nilikosea mwezi wa tano. Shamba la chini ni lake, mguu mmoja au miwili.

Coletha


Durban, 22 Aprili 2024

Dada Coletha, shikamoo.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya Pasaka. Huku ni salama. Lifti imetengenezwa, ikafanya kazi siku tatu, eish, imekufa tena. Désiré na Marie-Claire wanatarajia mtoto. Bupe anasafiri Alhamisi kwa hiyo naandika nikiwa mezani, wateja wanisubiri kidogo.

Nilimwendea Pasta Léonce nikamwomba nafasi. Akasema Pasaka ni siku ya furaha, papa Boniface, subiri inayofuata. Basi Jumapili iliyofuata nikasimama, na nikasimulia yote kama nilivyokuandikia, kitabu, gari la polisi, helikopta, leso. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa mbele alisema Mungu wangu kwa sauti ndogo na watoto wakaacha kucheza. Nilipomaliza nikamwomba pasta anitoe kwenye uzee wa kanisa. Hakunibembeleza. Sasa nakaa viti vya nyuma na ndipo ninapostahili, na nakuambia kweli, huko nyuma wimbo unausikia vizuri zaidi.

Respicius alikuwepo. Désiré alimleta wakakaa mlangoni, magongo yameegemezwa ukutani. Alitoka kabla ya sala ya mwisho. Nikajua nimemkosa tena.

Siku nne baadaye Désiré akaniambia Respicius anataka apelekwe mlimani, mpaka getini tu, na nikitaka naweza kuja. Hivyo ndivyo alivyosema, nikitaka. Tulikwenda juzi Jumamosi. Njiani alikaa mbele na Désiré. Nilikaa nyuma naangalia kisogo chake, kina mvi mbili ambazo sikuwahi kuziona.

Pale getini yupo mlinzi, mama wa Kizulu mcheshi. Akamwuliza, baba, na hayo magongo unapanda wapi? Respicius akajibu anafika kwenye benchi lile pale, hatua ishirini. Yule mama akacheka, akasema basi hata wa kwenye benchi wanaandika, akamsukumia kitabu. Désiré akasema yeye atatungoja garini.

Respicius aliishika kalamu muda mrefu. Kisha akaandika jina lake, lote, na la ukoo, kwa herufi kubwa. Chini yake akaandika langu. Penye idadi ya watu akaandika wawili. Penye kuelekea wapi akaandika benchi, na yule mama akacheka tena.

Tukakaa. Siku ilikuwa angavu, mlima wote unaonekana mpaka juu. Nilikuwa nimebeba mkate. Nikaukata kati nikamnyooshea zote mbili, kama zamani, achague. Alizitazama sana. Akazigeuza kuona ipi kubwa, ndugu yako yule hajabadilika, akachukua hiyo. Tukala. Nikampa na ujumbe wako wa shamba la chini. Alikunja midomo kama anavyofanya akizuia kulia. Namfahamu.

Baadaye akasema, bila kunitazama, "Ilipita mara mbili."

Nikasema, "Najua. Niliiona."

Dada, nimeyasema kwako kwa karatasi na nimeyasema kanisani kwa kipaza sauti, lakini yeye mwenyewe nilikuwa sijamwambia. Ni maneno mawili na yalinichukua miezi tisa. Sikumwomba msamaha papo hapo, nilihisi nitakuwa namwomba anibebee na hilo. Nilimwambia tu niliiona, anga ilikuwa wazi, na nilinyamaza. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia jibu alilokuwa nalo tayari. Tulikaa mpaka jua likahama benchi.

Nisikufurahishe kupita kiasi. Hajaniamkia. Labda hataniamkia tena, na sitamdai. Ameniambia atarudi nyumbani mwezi wa sita akipata mguu wa bandia, na ameniambia yeye, si Désiré. Mstari wako atakuandikia mwenyewe, anasema hataki upitie kwangu. Ni haki yake.

Tulipokuwa tunaingia garini yule mama wa getini akatuita. Nyie wa kwenye benchi, hamjajaza mwisho, mnataka watu wapande usiku kuwatafuta bure? Kuna safu ya mwisho kitabuni ya wanaorudi. Nikamwangalia Respicius, nikadhani ataichukua kalamu tena. Alikuwa ameshakaa, anapanga magongo yake miguuni.

"Jaza wewe," akasema. "Andika tumerudi wawili."

Nikaenda nikaandika. Mwandiko ulionifundisha haukuonekana, dada, herufi zilipinda zote. Lakini pale pameandikwa wawili, na yule mama akasoma, akapiga mstari, akafunga kitabu.

Mdogo wako,
Boniface